Kadi ya Mionzi kwa Kila Mgonjwa wa Saratani: Barua ya Wazi kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, na Waganga Wafawidhi wa hospitali za rufaa na za wilaya katika mikoa hiyo miwili.

Yah: Kulinda uti wa mgongo wa wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa za saratani pamoja na mionzi

Waheshimiwa,

Mgonjwa wa saratani kutoka Newala, Liwale au Kilwa akipigwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na kurudi nyumbani, kinachorudi naye mara nyingi ni daftari lenye sentensi moja: amemaliza mionzi. Sentensi hiyo haimsaidii daktari wa wilaya wala haimlindi mgonjwa. Tunaomba mikoa yenu miwili ianze kutumia kadi maalumu ya mionzi na dawa za saratani. Tunaomba pia kadi hiyo isomwe kabla mgonjwa hajapewa dozi nyingine ya dawa, na kwamba mgonjwa wa saratani anayelegea miguu ahesabiwe kuwa wa dharura saa hiyohiyo. Sababu zetu ni za kitaalamu, na tutazieleza kwa kirefu kwa kuwa hatari hii haionekani kwa macho siku matibabu yanapoisha.

Ndani ya pingili za mgongo umepita ugwe mgongo, ambao ndio njia kuu ya fahamu kati ya ubongo na mwili. Unaanzia chini ya fuvu na kuishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki fungu la mishipa ya fahamu, ambalo huvumilia mionzi vizuri zaidi kidogo. Mionzi ikizidi huua taratibu chembe zinazotengeneza ganda la nyuzi za fahamu, na huharibu mishipa midogo ya damu inayoulisha ugwe. Kazi hiyo ya uharibifu huchukua miezi. Ndiyo maana ulemavu wa mionzi kwa kawaida hujitokeza kuanzia miezi 6 hadi miaka 3 baada ya tiba, wakati mwingine hata zaidi. Wakati huo mgonjwa hayuko tena mbele ya mtaalamu aliyepanga mionzi yake. Yuko Tandahimba au Ruangwa, na anayemwona ni tabibu wa zahanati ambaye hajui ni sehemu gani ya mgongo ilipigwa, wala kwa kiasi gani.

Kiasi ndicho kila kitu hapa. Mionzi hupimwa kwa grei, na tutaandika Gy. Mgonjwa akipewa Gy 2 kwa kipindi kimoja, mara moja kwa siku, ugwe uliopokea jumla ya Gy 50 una hatari ya kuharibika inayokadiriwa kuwa asilimia 0.2. Ukipokea Gy 60, hatari hupanda hadi karibu asilimia 6. Ukifika Gy 69, ni nusu kwa nusu. Kutoka salama hadi kupooza ni Gy chache tu, na kwa sababu hiyo vituo vingi husimama kati ya Gy 45 na 50, na vingi huchagua 45 pale mgonjwa anapopata dawa za saratani kwa wakati mmoja.

Jumla peke yake lakini hudanganya. Ugwe mgongo unaumizwa zaidi na ukubwa wa kipindi kimoja kuliko uvimbe wenyewe unavyoumizwa. Ili kulinganisha ratiba mbili tofauti, chukua jumla ya dozi, zidisha kwa dozi ya kipindi kimoja ukiongeza 2, kisha gawanya kwa 4. Kikokotoo cha simu kinatosha. Gy 30 zilizotolewa kwa vipindi 10 vya Gy 3 ni sawa na Gy 37.5 za kawaida kwa ugwe. Gy 20 kwa vipindi 5 vya Gy 4 ni sawa na Gy 30. Gy 8 za mara moja, zinazotumika sana kutuliza maumivu ya mifupa, ni sawa na Gy 20. Sasa mchukue mgonjwa aliyepewa ratiba ya kwanza mgongoni, kisha maumivu yakarudi mahali palepale akapewa ratiba ya pili. Anayejumlisha kwa haraka ataandika 30 na 20 ni 50, akaridhika. Hesabu sahihi ni Gy 67.5. Kama miezi mingi imepita kati ya tiba hizo mbili, ugwe huwa umejirekebisha kwa sehemu, na mtaalamu anaweza kukubali hatari hiyo kwa makusudi. Kanuni ya kawaida ni kutorudia kabla ya miezi 6. Bila tarehe na bila ukubwa wa kipindi kuandikwa, uamuzi huo hauwezi kufanywa. Hubaki kuwa bahati nasibu.

Dawa za saratani huingia katika hesabu hii kwa njia mbili. Kwanza, baadhi yake zina sumu ya fahamu zenyewe. Pili, baadhi huzuia tishu kujitengeneza baada ya mionzi, hivyo kipimo ambacho kingevumilika kikawa kingi. Tuseme ukweli wa ushahidi: kwa binadamu, takwimu kubwa zinazoonyesha ni kwa kiasi gani dawa fulani hupunguza uvumilivu wa ugwe ni chache. Tulichonacho ni majaribio ya wanyama na taarifa za wagonjwa walioharibika ugwe kwa dozi ambazo bila dawa zingeonekana salama. Kwetu hiyo ni sababu ya kuandika kumbukumbu vizuri. Si sababu ya kuogopa tiba.

Na hapa tusisitize, maana barua hii itasomwa pia na wagonjwa. Tiba ya pamoja huokoa maisha. Tangu mwaka 1999, baada ya majaribio kadhaa makubwa, dawa ya sisplatini pamoja na mionzi ndiyo tiba ya kawaida ya saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa ndani ya nyonga. Dozi yake ni miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara moja kwa wiki, kwa wiki 5 au 6. Mionzi hiyo hulenga nyonga, na ugwe mgongo umeshaishia juu ya hapo. Mwanamke wa aina hii hana sababu ya kukataa tiba kwa kuogopa kupooza. Tahadhari huongezeka pale eneo la mionzi linapopandishwa juu kufuata tezi za kandokando ya mshipa mkuu wa damu, kwa sababu hapo ncha ya chini ya ugwe inaweza kuingia.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wagonjwa ambao ugwe uko njiani. Saratani ya umio hupewa mionzi kifuani, mara nyingi Gy 50.4 kwa vipindi 28 pamoja na dawa, na ugwe uko sentimita chache tu nyuma ya umio. Saratani za koo na pua hufika Gy 70, na hapo mpangaji analazimika kuukwepa ugwe wa shingo kwa uangalifu kila siku. Limfoma (saratani ya tezi za limfu) ya kifua na saratani zilizohamia kwenye pingili ziko kundi hilohilo.

Dawa zinazohitaji jicho la karibu si nyingi, na mfamasia wa hospitali yoyote anaweza kuzishika kichwani. Metotreksati na saitarabini zikichomwa kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa watoto wenye saratani ya damu au limfoma ya Burkitt, zinaweza kupoozesha miguu ndani ya saa au siku chache, na hatari huongezeka kama mgongo uliwahi kupigwa mionzi. Metotreksati ya njia hiyo lazima iwe chupa isiyo na kihifadhi. Iliyo na kihifadhi iwekwe kabati tofauti kabisa. Jemsitabini huzidisha nguvu ya mionzi kupita kiasi na haifai kuchanganywa nayo nje ya kituo maalumu. Sisplatini kwa kawaida huumiza fahamu za miguu na mikono, si ugwe, na ganzi huanza kuonekana jumla ikipita miligramu 300 kwa mita ya mraba. Aliyemaliza wiki 6 tayari ana 240. Ugonjwa ukirudi akaanzishiwa mizunguko mingine mahali ambapo hakuna anayeijua hiyo 240, anavuka mpaka bila mtu kugundua. Tena ganzi ya sisplatini huendelea kukua miezi kadhaa baada ya dawa kusimama, kwa hiyo mgonjwa kusema “iliisha zamani” hakumfuti kwenye hesabu.

Dawa ya vinkristini tunaitaja peke yake. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, mgonjwa hupooza kuanzia miguuni kwenda juu na karibu kila mara hufa. Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2007 kwamba dawa hii ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu, isiwekwe kwenye bomba la sindano, ili isiweze kufananishwa na dawa ya mgongo. Popote vinkristini inapotolewa katika mikoa yetu, tunaomba agizo hili liwe amri ya maandishi ya mfamasia, na siku ya sindano za mgongo vinkristini isiingie kabisa kwenye chumba hicho.

Makosa ya mipaka ya mionzi nayo yana asili yake. Miali hutanuka kadiri inavyoingia mwilini. Maeneo mawili yanayogusana juu ya ngozi hupishana ndani, na mahali yanapopishana ugwe hupata dozi mara mbili. Wapangaji huacha nafasi iliyopigwa hesabu kati ya maeneo hayo. Lakini mgonjwa akirudi mwaka unaofuata na maumivu chini kidogo ya pale pa zamani, na hakuna aliyeandika kwamba eneo la kwanza liliishia pingili ya kumi ya kifua, nafasi hiyo haiwezi kupigwa hesabu. Alama ndogo za wino kwenye ngozi hufifia, hasa kwa ngozi yetu nyeusi. Vilevile mionzi ya upande mmoja kutoka mgongoni, inayopimwa kwenye kina cha mwili wa pingili, huupa ugwe zaidi ya dozi iliyoandikwa kwenye fomu, kwa sababu ugwe uko karibu zaidi na ngozi kuliko kina hicho. Dozi ya uvimbe na dozi ya ugwe ni namba mbili. Zote mbili ziandikwe.

Kuna na barabara. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, aliyekuwa amerudi nyumbani mara moja katikati ya vipindi vyake hakuweza kurudi kwa wakati. Vipindi vinavyokosekana huupa uvimbe nafasi ya kukua, na kishawishi huwa ni kuvifidia kwa vipindi vikubwa zaidi. Kwa hesabu tuliyoonyesha, kukuza kipindi ni kuusukuma ugwe. Njia nyingine ni vipindi viwili kwa siku moja, na hapo nafasi kati yake isipungue saa 6, na ikiwa ugwe uko ndani ya eneo ni bora zaidi ya hapo, kwa kuwa ugwe hujirekebisha polepole. Uamuzi huo ni wa kituo cha mionzi. Kazi ya mkoa ni kukipigia simu kituo siku ileile mgonjwa anapokwama, si kumwacha mgonjwa ajieleze mwenyewe wiki mbili baadaye.

Sasa dalili. Ya mapema kabisa ni shoti: mgonjwa akiinamisha kichwa, kitu kama umeme hushuka mgongoni hadi miguuni. Huja kati ya miezi 2 na 6 baada ya mionzi, au wakati wa sisplatini, na mara nyingi hupotea yenyewe. Iandikwe, mgonjwa atulizwe, afuatiliwe. Inayotisha ni ile ya baadaye. Mguu mmoja huanza kuwa mzito huku mguu wa pili ukipoteza hisia ya joto na baridi, mwendo hukakamaa, mkojo huchelewa au kuziba, na mstari wa ganzi huonekana tumboni au kifuani. Tabibu mwenye nyundo ya goti na ufunguo wa mlango ana vifaa vya kutosha kuanzia. Ugwe ukiumia, goti huruka kupita kiasi na kidole gumba cha mguu huinuka juu unapokwaruza unyayo. Ganzi ya dawa, kwa upande wake, huvaa miguu yote miwili mfano wa soksi na goti halijibu. Matatizo yote mawili yakiwepo kwa mgonjwa mmoja, ganzi ya dawa inaweza kuficha goti linaloruka, kwa hiyo goti tulivu lisikutoe wasiwasi kama mkojo umeanza kukwama.

Kusini tuna sababu nyingine za miguu kukakamaa, na hapa ndipo wagonjwa hupotea. Konzo, inayotokana na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, imewahi kuripotiwa Mtwara. Hiyo huja ghafla, kwa miguu yote miwili sawasawa, na haigusi mkojo wala hisia. Kichocho kinaweza kufika kwenye ugwe. Kifua kikuu cha pingili hutoa nundu na homa. Na kubwa kuliko zote kwa mgonjwa wa saratani ni uvimbe wenyewe kurudi na kuukandamiza ugwe. Huu una tiba, na tiba hiyo ina saa. Mgonjwa anayetibiwa akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea, ilhali aliyekwisha kupooza kwa siku kadhaa nafasi yake ni ndogo. Ulemavu wa mionzi kwa upande wake hauna dawa iliyothibitishwa kuurudisha nyuma. Kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kusema “hii ni mionzi tu” kabla picha ya MRI haijaonyesha kuwa hakuna uvimbe, na kabla mahali palipoharibika hapajalinganishwa na eneo lililopigwa. Ulinganisho huo nao unahitaji ile kadi.

Tunachopendekeza kwa zahanati na vituo vya afya ni hiki. Mgonjwa yeyote aliyewahi kuwa na saratani, akija na maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala au akikohoa, miguu kulegea, ganzi ya sehemu za siri au mkojo kuziba, asipangiwe kliniki ya wiki ijayo. Alazwe bapa, ageuzwe mwili wote kwa pamoja na watu watatu au wanne, wala asisafirishwe kwa bodaboda. Mkojo ukiwa umeziba awekewe mpira. Daktari aanze deksamethasoni miligramu 16 kwa siku pamoja na dawa ya kulinda tumbo, sukari ipimwe, isipokuwa kama saratani haijawahi kuthibitishwa kwa kipimo cha kinyama (kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe). Hapo apige simu kwanza, maana dawa hii inaweza kuficha limfoma. MRI ya uti wote wa mgongo ifanyike ndani ya saa 24, si ya pale panapouma peke yake, kwa kuwa uvimbe unaweza kuwa katika sehemu zaidi ya moja. Anayebaki amepooza ageuzwe kila baada ya saa 2 na visigino viinuliwe. Vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya mkojo huua watu ambao saratani yao ilikuwa imeshatulia, na kuzuia vyote viwili hakuhitaji mashine.

Kuhusu kadi yenyewe, iwe karatasi ngumu moja iliyokunjwa, inayoingia kwenye mfuko wa kadi ya bima, na nakala ibaki kwenye faili la hospitali ya wilaya. Upande wa mionzi uandikwe mahali palipopigwa kwa majina ya pingili, juu na chini, jumla ya Gy, idadi ya vipindi na ukubwa wa kila kipindi, dozi ya juu kabisa iliyofika kwenye ugwe, aina ya mashine, tarehe ya kwanza na ya mwisho, na siku zilizokosekana. Upande wa dawa yaandikwe majina, njia ya kutolea, tarehe, na jumla iliyokusanyika hadi siku hiyo kwa mita ya mraba. Uwepo mstari wa simu ya kituo kilichotibu, simu ya zamu, si ya mtu binafsi anayeweza kuhamishwa. Kadi ijazwe na kituo kilichotibu kabla mgonjwa hajaruhusiwa, na Mganga Mkuu wa Mkoa ndiye mwenye uwezo wa kukiandikia kituo hicho na kudai hivyo. Mgonjwa mmoja mmoja hawezi.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini (iliyoko Mitengo), pamoja na hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda na Nyangao, zote ziko mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa rufaa za saratani hupitia huko. Tunaomba kila moja iteue muuguzi mmoja mwenye orodha ya wagonjwa waliowahi kupigwa mionzi shingoni, kifuani au mgongoni, naye awapigie simu kila baada ya miezi 3 kwa miaka 3 akiwauliza maswali manne: unatembeaje, mkojo unatokaje, miguu inahisi joto na baridi, mgongo unauma usiku? Dakika tano kwa mgonjwa. Anayejibu vibaya swali lolote aitwe siku hiyo.

Rasimu ya kadi tunaweza kuikamilisha na wafamasia na maafisa wa takwimu wa mikoa yenu. Tungependa iwe imechapwa kabla ya minada ya korosho ya Oktoba, kwa sababu malipo ya korosho yakiingia ndipo familia nyingi hupata nauli ya kumrudisha mgonjwa Dar es Salaam, na hao watakaosafiri waende tayari na kadi mkononi ili ijazwe hukohuko.

Wenu katika huduma,
Wahudumu wa tiba na uuguzi wa saratani, Mtwara na Lindi

Nakala: Makatibu Tawala wa Mikoa ya Mtwara na Lindi